Hedhi hukoma, mama hakomi

Mficha maradhi, kilio humfichua. Methali hii nimeisikia tangu utotoni mwangu katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, lakini sikuielewa barabara mpaka siku nilipompoteza shangazi yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wala sikuwa na moyo wa kuiandika habari yake mpaka hivi majuzi, nilipokwenda kumtazama wifi yangu huko Kawangware, Nairobi, nikajikuta nimeketi pamoja na akina mama wa Kikristo wanaozungumza waziwazi jambo ambalo sisi wa pwani hulipitia tukiwa tumeziba mdomo kwa ncha ya leso.

Jambo lenyewe, msomaji mpenzi, ni kukoma hedhi.

Najua wako watakaoona haya kulisoma neno hili gazetini. Nawaomba radhi, lakini nawaomba pia wasome hadi mwisho, kwani haya isiyo na mpaka ndiyo iliyomuua shangazi yangu.

MWISHO WA 46

Mgeni wa Nairobi asishangae kusikia mtaa unatajwa kwa nambari. Matatu za nambari 46 hutoka mjini, zikapita Hurlingham na Yaya, zikaishia Kawangware. Pale zinapogeukia, watu wamepapa jina la njia yenyewe: Kawangware 46. Ni mahali pa zogo. Mitumba imetandazwa chini, mahindi yanachomwa, mkokoteni unapigania njia na pikipiki. Alfajiri utawaona akina mama kwa makundi wakishika njia kwa miguu kuelekea Lavington na Kileleshwa, kufua na kupiga pasi katika nyumba za wenye nacho. Wengi wao si wasichana. Ni watu wazima, wenye wajukuu.

Jirani wa wifi yangu, mama mmoja wa Kiluhya, ndiye aliyetualika Jumamosi hiyo alasiri. Alitueleza mapema kwamba si ibada, ni mkutano wa akina mama, na kwamba Mwislamu hatalazimishwa lolote. Tukaenda. Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati, sakafu ya saruji, viti vya plastiki. Tulipoingia walitusalimu "Bwana asifiwe", kisha mmoja wao akakumbuka na kutuongezea "Salaam aleikum" ya kujaribujaribu, watu wote wakacheka, nasi tukacheka.

Walianza kwa maombi. Halafu wakahesabu fedha za mchango wao wa kupokezana. Baada ya hapo akasimama mama mmoja mwenye mvi, muuguzi aliyestaafu, akasema leo mazungumzo ni juu ya mwili unapobadilika. Vicheko vikazuka. Akawangoja wamalize, kisha akauliza ni nani hapa ambaye usiku huamka shuka imelowa jasho hali kuna baridi ya Nairobi. Vicheko vikakatika. Mikono ikanyanyuka, mmoja baada ya mwingine.

SARA NA YULE MAMA WA MIAKA 12

Muuguzi yule aliyajenga maneno yake juu ya visa viwili vya Biblia. Cha kwanza ni cha Bibi Sara, mkewe Nabii Ibrahim, ambaye kitabu cha Mwanzo kinasema siku zake za kike zilikuwa zimekwisha kukoma alipobashiriwa mtoto. Funzo alilowapa si kwamba nao wangoje kuzaa uzeeni. Aliwaambia kwamba Mungu hakuacha kusema na mwanamke yule kwa sababu damu yake imekatika. Habari yake kubwa ilimfikia baadaye.

Nilikaa nikijisemea moyoni: kisa hiki si kigeni kwetu. Katika Qurani, Sura Hud na Sura Adh-Dhariyat, wageni watukufu wanampa bishara mke wa Ibrahim naye anastaajabu, yeye ajuza na mumewe mkongwe. Tumekisoma chuoni tangu tukiwa wadogo. Lakini sikumbuki hata siku moja mwalimu au somo aliyetusimamisha hapo na kutuambia kina neno kwa mama aliyefika umri ule.

Kisa cha pili kimo katika Injili ya Marko. Ni habari ya mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga, na hali ikazidi kuwa mbaya, mpaka alipogusa vazi la Isa akapona. Sisi Waislamu nasi twaamini kwamba Nabii Isa, amani iwe juu yake, aliponya wagonjwa kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Wakristo wengi hukisoma kisa hicho kuonyesha imani ya yule mama. Muuguzi yule alisimama mahali pengine. Aliwauliza wenzake: baada ya kupona, yule mama alifanya nini? Alijitokeza mbele za watu, akieleza yote yaliyompata. Huko kusema, akawaambia, ndiko kunakotushinda sisi.

Ndipo wakaanza kusema. Mmoja alieleza jinsi joto lilivyompanda kifuani mpaka usoni akiwa anapiga pasi, jasho likamtiririka, na mwenye nyumba akamshuku amelewa. Mwingine alisema mumewe amemtilia shaka kwa kuwa hataki tena kuguswa, kumbe anaumia. Wa tatu, kwa sauti ya chini, alisema alipoanza kulowa jasho usiku aliamini ni ukimwi, akakaa mwaka mzima akingoja kufa, asiende kupimwa wala asimwambie mtu. Mwaka mzima, msomaji! Na alikuwa hana kitu ila utu uzima.

Nilitazama nyuso za wale akina mama. Sikuona aibu. Niliona watu waliotuliwa mzigo.

MWILI UNAFANYA NINI

Sasa niyaeleze yale aliyoyafundisha, maana kila mama na kila mume anapaswa kuyajua.

Mwanamke huzaliwa na akiba ya mayai yake yote tumboni. Akiba ile hupungua mwaka hadi mwaka. Inapokaribia kwisha, ile homoni iitwayo estrojeni, ambayo ndiyo inayoendesha mambo mengi ya mwili wa kike, nayo hupungua, tena kwa kupandashuka. Ndiyo maana hedhi huanza kuvurugika, ikaja mapema au ikachelewa, ikawa nyingi au matone tu. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na hakuna sababu nyingine. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Anayekoma kabla ya kutimiza miaka 40 amekoma mapema mno, na yafaa amwone daktari.

Tahadhari moja hapa: kabla ya kutimia ile miezi 12, mimba bado yaweza kuingia. Wapo akina mama waliodhani wamekwisha kukoma, kumbe ni wajawazito.

Dalili ni joto la ghafla, jasho la usiku, usingizi wa mang'amung'amu, moyo kwenda mbio, viungo kuuma, ukavu wa sehemu za siri, usahaulifu, hasira za karibu au huzuni isiyo na sababu. Si kila mama huzipata zote, na wako wasiopata hata moja. Kwa wengine huchukua miaka kadhaa. Siyo wazimu, siyo jini, wala siyo hasadi ya jirani.

Yako mambo mawili yasiyoonekana lakini ni makubwa zaidi. Estrojeni ilikuwa ikiilinda mifupa. Inapoondoka, mifupa hupungua uimara, na mama akianguka uani huvunjika nyonga. Aidha, baada ya umri huu hatari ya maradhi ya moyo huongezeka, na shinikizo la damu hupanda kwa wengi. Kwa hiyo apimwe presha na sukari. Ale dagaa, maziwa na mboga za majani. Atembee kila siku. Apate jua, na mwanamke wa buibui anaweza kulipata uani kwake asubuhi. Apunguze chumvi, na kama kahawa na chai kali humwamshia joto, azipunguze pia.

Dawa zipo. Ipo tiba ya kumrudishia mwanamke homoni. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, uliohusisha wanawake zaidi ya 16,000, ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliopewa mchanganyiko wa homoni walizidi kidogo kupatwa na saratani ya matiti, na dunia nzima ikaingiwa na hofu. Tangu hapo wataalamu wameyapima mambo upya, na wanaona kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu akome, mara nyingi faida huzidi madhara. Lakini si dawa ya kununua kwa kuambiwa na shoga. Ni ya kuandikiwa na daktari anayekujua. Na kwa ukavu, ziko dawa za kupaka zinazoondoa maumivu. Hakuna sababu ya ndoa kuvunjika kwa jambo lenye tiba.

Muuguzi aliongeza neno jingine ambalo kwa mitaa kama Kawangware na Kibera halina budi kusemwa. Jasho la usiku likifuatana na kikohozi na kukonda, usiseme ni umri. Nenda ukapimwe kifua kikuu. Na aliye na wasiwasi wa virusi vya ukimwi apimwe vilevile, kwani siku hizi anayetumia dawa huishi, akazeeka, akafika hata umri huu wa kukoma hedhi.

DAMU INAYORUDI

Kisha akafika kwenye jambo lililonitoa machozi.

Alisema: mwanamke akishakoma, ikapita miezi 12, halafu akaona damu, hata ikiwa tone moja, hata ikiwa mara moja tu, aende hospitali wiki hiyohiyo. Wengi wa wanaokwenda hawakutwi na jambo la hatari. Lakini takriban mmoja katika kila 10 hukutwa na saratani ya nyumba ya uzazi. Na katika kila wanawake 10 wenye saratani hiyo waliokwisha kukoma hedhi, karibu 9 waliona damu. Maana yake ni kwamba ugonjwa huu hupiga hodi kabla ya kuingia. Anayeitika hodi mapema huweza kupona kwa kupasuliwa. Saratani ya mlango wa kizazi nayo, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazoua wanawake wengi zaidi nchini Kenya, huweza kujionyesha kwa damu hiyohiyo.

Shangazi yangu alipigiwa hodi. Alikuwa amekoma kwa miaka sita. Siku moja akaona damu, akacheka, akamwambia shoga yake wa karibu kwamba ujana umemrudia. Sisi wengine hakutuambia. Damu ikaja, ikaenda, ikaja tena. Alipata shida ya sala, akawa hajui asali au asisali, na haya ikamzuia hata kuuliza. Akatumia kombe, akajifukiza, akanywa mizizi. Mimi niliyelelewa mikononi mwake nilipokuwa nikimwona amekonda nilidhani ni saumu za sunna. Alipoanguka ndipo tukamkimbiza hospitali, na daktari akatuuliza kwa upole damu hii imeanza lini. Hakuna aliyejua kujibu ila yeye mwenyewe. Akageuza uso ukutani, akasema, "Ni mwaka wa pili huu, mwanangu. Niliona haya."

Hakufika Idi.

Silaumu kombe, wala simlaumu aliyelitengeneza, kwani hakuambiwa ugonjwa wenyewe. Nalaumu kimya, na katika kimya hicho na mimi nimo.

KWETU TUNA NINI

Siku ya pili nilipita Kibera, mtaa wa Makina, kumsalimu bibi mmoja wa Kinubi aliyekuwa akijuana na mama yangu. Wanubi, kwa wasiojua, ni wajukuu wa askari wa Kisudani wa jeshi la Waingereza waliopewa makazi katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20. Jina Kibra lenyewe kwa lugha yao ni msitu. Ni Waislamu wenzetu. Nilimkuta akisuka kawa za rangi rangi, sanaa ambayo wanawake wa Kinubi wanasifika nayo. Nilimweleza niliyoyaona kwa akina mama wa 46, kisha nikamwuliza kama katika darsa za wanawake wao hufundishwa mambo haya. Akafikiri kidogo. Akasema hufundishwa kuhesabu siku za hedhi, kuoga josho, na kukaa eda. Lakini la mwisho wa hedhi, kila mtu hujifia nalo mwenyewe.

Jibu lake lingeweza kutoka Lamu, au Mombasa, au Unguja. Mwari wetu anapovunja ungo, jambo lina jina, lina somo, lina kungwi, lina ngoma. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, aliwafunda wari kwa ngoma ya unyago mpaka ukongweni mwake. Bi harusi ana utenzi mzima: Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliutunga mnamo 1858 kwa ajili ya bintiye, naye mwenyewe akiwa mgonjwa. Mzazi ana mkunga na siku 40 za kukandwa. Lakini mama aliyekoma hedhi ana nini? Hana ngoma, hana utenzi, hana somo. Ana shuka iliyolowa jasho na kimya.

Na si kwamba dini imemsahau. Sura At-Talaq imemtaja waziwazi mwanamke aliyekata tamaa ya hedhi na kumwekea eda yake ya miezi mitatu anapoachwa. Sura An-Nur imewapa wanawake wakongwe wasiotarajia ndoa wepesi katika mavazi ya nje, bila ya kuonyesha mapambo, huku ikisema kujisitiri ni bora kwao. Bibi Sauda binti Zam'a, radhi za Allah ziwe juu yake, alipokuwa mtu mzima aliogopa kuachwa. Riwaya zasimulia kwamba alimpa Bibi Aisha zamu yake, naye akabaki mke wa Mtume na Mama wa Waumini mpaka mwisho. Hofu ile aliyoisema mama wa Kawangware juu ya mumewe, basi, si hofu mpya.

Hata habari ya damu isiyo ya kawaida ilikwisha kuulizwa zamani. Fatima binti Abi Hubaish alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akamweleza kwamba damu haimkatiki. Je, aache sala? Akajibiwa kwamba ile si hedhi, ni mshipa. Hebu tuizingatie hadithi hiyo. Mwanamke alikwenda akauliza. Hakuambiwa anyamaze, hakuambiwa hana haya. Na jawabu alilopata lilitenganisha damu ya desturi na damu ya maradhi.

Kwa hiyo mama anayeona damu baada ya kukoma ana maswali mawili, na kila moja lina mwenyewe. Swali la sala na saumu amwulize mwalimu, kwani wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameieleza hedhi kwa hesabu ya siku, uchache wake usiku na mchana, wingi wake siku 15. Swali la mwili amwulize daktari. Jawabu la mmoja halimwondolei haja ya mwingine. Atakayeambiwa na mwalimu kuwa damu ile haimzuii kusali, asali, kisha apande gari aende hospitali.

Tena tusisahau neema iliyomo. Mwanamke aliyekoma hedhi hufunga Ramadhani yote, siku 29 au 30, bila kubakiwa na deni la hedhi. Akijaliwa kwenda Makka, hedhi haimzuii kutufu. Wazee wetu walisema utu uzima dawa, na hii ni sehemu ya dawa hiyo.

NENO LA MWISHO

Sisemi tuige kanisa. Kila mtu na dini yake. Lakini Mwislamu haoni vibaya kuokota hekima aliyoiona kwa jirani, na wale akina mama wa 46, wanaoamka alfajiri kwenda kufua nguo za watu, wamefanya jambo tunaloliweza na sisi.

Kila mwaka mwezi wa Shaaban walimu wetu huwakumbusha wanawake kulipa saumu wanazodaiwa kabla ya Ramadhani kuingia. Darsa hujaa. Basi katika darsa hizo aalikwe muuguzi, mwanamke Mwislamu, naye wako wengi, apewe nusu saa tu. Aeleze joto, aeleze mifupa, aeleze damu inayorudi. Mwalimu wa kike aeleze sala na eda. Oktoba 2019 Serikali ilipozindua chanjo ya kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, ilizindulia papo hapo Mombasa. Ikiwa tumeweza kuwazungumzia mabinti wa miaka 10, hatushindwi kuwazungumzia nyanya zao.

Na nyinyi waume, mke anapofungua dirisha usiku wa manane na kutupa shuka, msinune. Mwulizeni anajisikiaje, na kama kuna lililomtia hofu, mfuataneni naye hospitali.

Wifi yangu alinisindikiza mpaka stendi. Tukiwa twangoja matatu ijae, alinishika mkono akaniinamia sikioni. Akaniambia kwamba kuna jambo limekuwa likimsumbua tangu mfungo sita, na hajamwambia mtu. Nikashuka garini. Jumatatu asubuhi tulikwenda hospitali sote wawili, na alhamdulillahi, halikuwa jambo la kutisha. Lakini amejua kwa kupimwa, si kwa kungoja.